Maji ya Kutuliza Vumbi

Kazi ya kutunza wazee London niliifanya mpaka magoti yakagoma. Watu wa nyumbani wakiniuliza nilikuwa nafanya nini miaka yote ile, nawaambia nilikuwa nawaogesha wazee wa watu na kuwapikia uji, nao wanacheka wakidhani natania. Sitanii. Ila kuna nyumba moja kule Neasden ambako kazi yangu kubwa, ukitoa uji na kuogesha, ilikuwa kukagua kuni. Hiyo ndiyo hawaiamini kabisa, na siwalaumu.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili, mwanzoni mwanzoni. Usiku nilikuwa na shifti kwenye nyumba ya wazee, na asubuhi ejensi ikanipa mzee mmoja wa kumhudumia kwake. Natoka shifti ya kwanza, napanda basi, nalala nimeegemea kioo, nashtuka kituo kimeshapita, narudi kwa miguu huku najilaani. Saa moja asubuhi nimefika mlangoni. Saa saba mchana naondoka. Ungenikuta siku hizo ukaniuliza habari, ningekuambia nzuri, maana kueleza ubaya wake kulihitaji nguvu nisizokuwa nazo.

Mzee mwenyewe alikuwa Mhindi wa Tabora. Nasema wa Tabora kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha, ingawa alikuwa ameishi Uingereza miaka zaidi ya thelathini. Alizaliwa Tabora, akawa na kiwanda cha kupasua mbao, kikachukuliwa na serikali, akahama na mkewe na mtoto wao wa kiume aliyekuwa bado anabebwa. Mkewe alikuwa amefariki miaka michache kabla sijafika mimi. Mtoto sasa alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, anafanya kazi uwanja wa ndege na anakaa upande wa Hounslow. Alijua Kiingereza na Kigujarati. Kiswahili hakujua, labda neno la kuombea maji.

Siku ya kwanza nilipoingia, koti bado liko mwilini, mzee alinitazama, akasoma kitambulisho changu cha ejensi, akaniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka, "Kwenu wapi?"

Nikamwambia Morogoro.

"Morogoro. Na kwenu mlikuwa mnapikia mkaa wa mti gani?"

Nilikuwa sijalala. Nikamjibu kwamba mkaa ni mkaa, mzee wangu.

"Mkaa si mkaa," akasema. "Mama yako hakukufundisha?"

Hapo akanichokoza. Mama yangu aliuza mkaa. Nilikulia kwenye mkaa, nilisoma kwa mkaa, na sikuwa tayari kufundishwa mkaa na mtu aliyevaa soksi mbili mbili mbele ya televisheni. Nikamwambia mama alikuwa anagonga kipande kwa kipande, ukilia kama chuma ni mzuri, ukinyamaza ni wa mti mwepesi. Alikuwa anaupima kwa mkono, anautazama mvunjiko wake. Mzee akawa anatikisa kichwa, amefurahi. "Na vumbi je? Alikuwa anaunyunyizia maji kabla ya kuumimina?" Nikamwambia, sasa mzee, nani asiyenyunyizia? Usiponyunyizia, nyumba nzima si itakuwa nyeusi? Akacheka, akaniambia nivue koti, kuna chai.

Sasa jiko lake. Boila ya kupasha nyumba joto ilikuwa imekufa, na mwanawe, aliyekuwa amesoma mahali habari za mazingira, akamfungia sebuleni jiko la peleti. Peleti ni unga wa mbao ulioshindiliwa ukawa vijiti vyembamba vifupi, ukivitazama utadhani chakula cha kuku. Unavimimina kwenye sanduku juu ya jiko, na ndani kuna skrubu ndefu inayozunguka kwa umeme, inavichukua kidogo kidogo na kuvidondosha kwenye kikombe cha chuma ambamo moto unawaka. Mbele kuna kioo, unaona ule moto. Jiko zuri, sikatai. Ila lilikuwa na deko. Likipewa peleti mbovu, linaziba, linazimika, na nyumba ile ya ghorofa ilikuwa ikipoa ndani ya saa chache kama bucha.

Peleti zilikuja na lori, magunia ya plastiki yamepangwa, zinawekwa kwenye banda la gari ambalo halikuwa na gari. Na mzee hakukubali gunia liingie sebuleni kabla hajalikagua. Kila likifunguliwa, nilitakiwa kuleta kiganja kimoja kwenye sahani nyeupe. Anavaa miwani. Anatazama kwanza uso wake: peleti nzuri inang'aa, haina nyufa, urefu wake unakaribiana. Kisha rangi. Mimi kwa akili za mkaa nilidhani ile nyeusi ndiyo kali, nikawa namchagulia za rangi iliyokolea. Akanicheka. "Weusi huu ni magome, mama. Magome yana mchanga. Mchanga ukiingia motoni unakuwa jiwe." Mti mgumu wa kule, mwaloni na jamaa zake, peleti yake ni ya hudhurungi iliyotulia, rangi ya chai yenye maziwa mengi.

Halafu pua. Macho yalikuwa yamechoka lakini pua ilikuwa bado ya kijana. Ananusa, anakwambia hii ni mbao safi, au anakwambia hii imechanganywa na kabati la mtu, nasikia gundi. Halafu anavunja moja kwa vidole karibu na sikio. Nzuri inavunjika kwa mlio, tap, na mbovu inamomonyoka tu. Mwisho tunatia mbili tatu kwenye glasi ya maji. Iliyoshindiliwa vizuri inazama moja kwa moja. Inayoelea, rudisha ilikotoka. Basi tunakunywa chai huku tunazitazama pale chini ya glasi zinavimba, zinapasuka, zinarudi kuwa unga, na mzee anachungulia ule unga kama una mchanga au rangi ya ajabu. Nilikuwa naona upuuzi mwanzoni. Baadaye nikawa naupenda ule muda, kwa sababu ndio pekee niliokuwa nakaa.

Na asubuhi inayofuata tunasoma majivu. Majivu ya peleti nzuri ni machache, meupe, laini kama unga wa muhogo. Ya mbovu yana mawe ndani yake, unayakwangua na bisibisi mpaka mkono unakufa ganzi.

Kilichobaki ni vumbi. Hata mbao iwe nzuri namna gani, chini ya gunia lazima kuna vumbi, kwa sababu wapakiaji wanayatupa magunia kama wanagombana nayo. Vumbi likiingia kwenye skrubu linaziba, na kioo kinakuwa cheusi. Kwa hiyo kila gunia likifika chini nilikuwa nazichekecha peleti bandani kwa chekeche la unga. Nilikohoa msimu mzima. Mzee alikuwa ananisikia kutoka jikoni, na kila nikirudi ananiambia, "Kifua chako, mama. Utaondoka London na kifua cha mpasua mbao." Namwambia mzee, kifua hiki kimeshavuta mkaa wa Morogoro, hiki kitanishinda nini? Lakini kilikuwa kinanishinda kidogo kidogo.

Sasa mwanawe. Sitaki kumfanya mtu mbaya, maana hakuwa mbaya. Alikuwa amechoka kama mimi, anafanya shifti kama mimi, na kila simu ikilia anadhani baba ameanguka. Tangu mama yake afariki alitaka baba ahamie kwenye nyumba ya wazee, ambako kuna watu usiku na mchana. Mzee hakutaka hata kusikia. Sebuleni, juu ya kabati, kulikuwa na picha ya mkewe na miungu yao, na kila asubuhi alikuwa anawasha kitaa kidogo cha mafuta, utambi wa pamba, anafumba macho, midomo inacheza. Kisha anachukua fimbo na kwenda taratibu hadi lile hekalu lao jeupe, anarudi amechangamka. Aliniambia siku moja bila mimi kumuuliza: "Huko kwenye nyumba ya wazee nani ataniruhusu kuwasha moto? Hapa naweza kumwashia mke wangu taa. Nikitolewa hapa, mama, nimekwisha." Alisema hivyo huku anakunja soksi zake. Nami kwa kuwa nilikuwa nafanya kazi usiku kwenye nyumba ya aina hiyohiyo, nilijua hasemi uongo.

Baridi ya pili ya mimi kuwa pale, muuzaji wao wa peleti akachelewa, na mwanawe akatafuta mwingine. Yakaja magunia mapya yenye picha ya jani la mwaloni, yameandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni mti mgumu mtupu. Mzee akaomba sahani. Akatazama, akanusa, akavunja moja, akaiweka ulimini, akaitema. "Huu ni msonobari," akasema, "tena na magome yake." Akampigia mwanawe. Nilisikia upande mmoja tu wa maongezi, lakini ulinitosha. Mwanawe alimwambia asome gunia. Kisha akaomba kuongea na mimi, akaniambia kwa Kiingereza cha upole kwamba nisimchochee baba, amezama mno kwenye hizi peleti, na si dalili nzuri.

Nilitaka kumjibu. Nikameza, kwa kuwa ejensi ingeniita. Haikupita wiki kikombe cha jiko kikajaa mawe, kioo kikawa cheusi tii, jiko likazimika, likawashwa, likazimika tena. Mwanawe akaja na sare yake ya kazini, akapiga magoti, akakwangua mwenyewe kwa bisibisi. Mzee alikaa kitini ameikumbatia fimbo yake, na mimi nikajua anajizuia. Nilidhani sasa yule mtu ataomba radhi. Aliyabadilisha magunia, akaleta ya mwaloni wa kweli, lakini alichosema mlangoni wakati anaondoka ni kwamba jiko hili ni mzigo na baba hatalimudu tena. Yaani mzee alipatia kuhusu mbao, na kule kupatia kukageuka kuwa kesi dhidi yake. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo tulivyozoea kusema, lakini inachosha kupisha kila siku.

Akawaita watu wa soshali, yaani ustawi wa jamii. Wangekuja asubuhi fulani kumwona mzee kwake, wamhoji, waone kama anaweza kuendelea kuishi pale. Mzee alipewa taarifa. Kesho yake akaanza matayarisho. Alitaka siku hiyo nyumba iwe na joto, kioo cha jiko kiwe kinaonyesha, mtu akiingia avue koti bila kuambiwa. Tulikagua magunia mapya, yalikuwa mazuri kwa kila kipimo isipokuwa vumbi. Lilikuwa jingi. "Nitachekecha asubuhi nikija," nikamwambia. Akaniambia nisihangaike, nina kikohozi, mambo yatakuwa sawa. Sikulifikiria lile neno. Nilikuwa nawahi basi.

Asubuhi hiyo nilifungua mlango nikapokelewa na baridi. Mzee alikuwa amekaa sebuleni amevaa suti, juu yake koti, juu ya koti blanketi, na kofia ya sufu. Jiko liko kimya.

"Limezimika," akaniambia. "Sijui lina nini."

Nikafunua sanduku la juu. Lilikuwa limejaa uji. Uji wa mbao, umevimba, umepanda, umeshikana na skrubu kama ugali ulioungulia sufuria. Nikauliza mzee, umefanya nini?

"Nimetuliza vumbi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyefanya jambo la busara na anangoja ashukuriwe. "Nimenyunyiza maji kidogo, usikohoe."

Kisha akasimama na fimbo yake, akaja, akachungulia. Niliuona uso wake ukibadilika, naye akijua, bila mimi kumwambia kitu. "Maji," akasema. Akarudi kukaa.

Nilichukua upawa wa jikoni nikaanza kuchota. Nilikuwa nimechota nusu ndoo kengele ikalia. Mwanawe akaingia, nyuma yake mama mmoja wa soshali, mama wa makamo, mpole, na mkoba wake. Hakuvua koti. Mwanawe akatazama upawa, akatazama ndoo, akafumba macho.

Yule mama akamhoji mzee. Leo siku gani, mwaka gani, waziri mkuu nani, tuko mtaa gani. Mzee akajibu yote, tena akaongeza na waziri mkuu aliyepita. Mimi nilikuwa nimesimama na upawa wangu, naomba kimoyomoyo wasifike kwenye jiko. Wakafika.

"Jiko limepatwa na nini?"

"Nilitia maji," mzee akasema kwa Kiingereza.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya vumbi."

"Ulikuwa unajua maji yanaziharibu?"

Hapo angeweza kusema hapana. Mtu ambaye hajui ni mtu ambaye hajui tu, haitwi mgonjwa. Lakini hakuwa mtu wa kudanganya wageni. "Najua sana," akasema. "Kila gunia tunazipima kwenye glasi ya maji. Muulize huyu."

Yule mama na mwanawe wakatazamana. Ni mtazamo ninaoufahamu, nimeuona kwenye nyumba nyingi, na baada yake huwa linaletwa sanduku la nguo.

Nikaingilia. Haikuwa nafasi yangu, ejensi isingependa, na sikujali. Nikaeleza kwamba kwetu watu wanapikia mkaa, kwamba mkaa una vumbi, kwamba kila mtu, mjanja na mjinga, anaunyunyizia maji kabla ya kuumimina, na mkaa haudhuriki, tena watu husema unadumu zaidi. Kwamba huyu mzee alikulia hivyo, na mimi nilikulia hivyo. Nilieleza vizuri. Yule mama alisikiliza, hakunikatiza, akaandika. Halafu akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo alidhani yuko Afrika?"

Nikasema hapana. Nikasema hakudhani chochote, ni mkono wake tu uliofanya. Nilijaribu kusema kwamba mazoea yana taabu, kwamba kichwa kinaweza kujua na mkono usijue, lakini Kiingereza changu cha jambo hilo kiliishia njiani, na nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kumzamisha. Yule mama akawa anatikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile ilinikera kuliko ukali.

"Acha, mama," mzee akaniambia kwa Kiswahili. "Usijichoshe."

Walimhamisha kabla mwaka haujaisha. Nyumba yenyewe ya wazee haikuwa mbaya. Ilikuwa na joto kila kona, mabomba ya maji moto ukutani, hakuna wa kukagua kitu. Moto wa utambi haukuruhusiwa, kama alivyosema. Mwanawe akamnunulia kitaa cha betri chenye umbo la moto, kinachezacheza chenyewe. Nilikuwa namtembelea nikipata nafasi, kwa hiari yangu. Alikuwa anapungua. Hakuniuliza tena habari za peleti wala za kifua changu.

Miezi ikapita, na mwanawe akanipigia simu kuniomba nimsaidie kufungasha vitu vya nyumba ya Neasden. Nilikwenda Jumamosi moja nimetoka shifti, macho mazito. Yeye akawa juu anafungasha vyombo vya mama yake, mimi nikawa bandani. Kulikuwa na magunia ya peleti yaliyobaki, mengine yamefunguliwa, na jirani mmoja alikuwa anayataka. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha yale nusunusu yawe kamili, kisha nifagie.

Nikamimina la kwanza, vumbi likaruka hilo, likanijaa kooni. Nikakohoa mpaka machozi. Nikatoka, nikaenda kwenye bomba la uani, nikajaza kikombe, nikarudi. Nikachovya vidole, nikaanza kunyunyiza. Mkono unakwenda wenyewe, kama mama alivyokuwa anafanya: unachovya, unakung'uta, unachovya, unakung'uta, pole pole, usilowanishe.

"Unafanya nini?"

Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni na boksi la sahani mikononi.

Nikatazama mkono wangu, ulikuwa unadondosha maji. Nikatazama gunia. Pale matone yalipoangukia, peleti zilikuwa zimepoteza mng'ao na zimeanza kufura. Peleti za mwaloni, ambazo nilizikagua mimi mwenyewe kwenye sahani nyeupe.

"Unajua maji yanazifanya nini," akasema. Alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini sana.

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu ya vumbi," nikasema.

Aliliweka lile boksi chini. Akageuza ndoo, akaikalia, akashika kichwa kwa mikono miwili. Mimi sikuwa na umri wa kusahau. Sikuwa mgonjwa, sikudhani niko Morogoro, nilikuwa najua fika niko Neasden kwenye banda la watu na nimechoka. Nilimwacha alie. Hakuwa na haja ya mimi kumweleza mara ya pili, na kusema kweli nilikuwa na hasira naye, na hasira ile haikunizuia kumwonea huruma.

Alipoinuka aliniambia nivae koti. Hatukufagia. Tukaenda kwa gari lake mpaka kwenye ile nyumba ya wazee, na tuliposimama kwenye taa za barabarani akasema kwamba nyumba ya Neasden haijauzwa bado, jiko lipo, atachukua likizo, atahamia pale hata yeye mwenyewe.

Mzee alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Kitaa cha betri kilikuwa kinacheza mbele ya picha ya mkewe. Mwanawe akapiga magoti mbele yake, kama siku ile alipokuwa anakwangua mawe kwenye jiko, akaanza kuongea Kigujarati harakaharaka, anamshika magoti, analia tena. Sikuhitaji tafsiri. Nilisikia Neasden ndani yake, na nikaona ananionyesha mimi, anaiga kwa mkono: kuchovya, kukung'uta.

Mzee alimsikiliza mpaka akamaliza. Kwenye ile habari ya mkono wangu alinitazama na akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu aingie mle. Akampapasa mwanawe kichwani. Kisha akainua uso, akaongea na mimi kwa Kiswahili. Kwa Kigujarati angeweza kumwambia mwenyewe. Alichagua lugha ambayo mwanawe hajui, na mimi nikaelewa kwamba hakuweza kumtamkia mwenyewe usoni, nikatamani nisiwepo.

"Mwambie simlaumu," akasema. "Mwambie alikuwa anaogopa, na mimi ningeogopa. Lakini Tabora nilitolewa, nikaja. Nyumbani kwangu nimetolewa, nikaja hapa. Nikirudi leo, kesho nitamwaga chai mahali, waje tena na mkoba kuniuliza waziri mkuu. Nimechoka kuhamishwa, mama. Mwambie aniache nikae."

Nilimtafsiria yote. Sikupunguza neno, kwa sababu wakati ule ningepunguza ningekuwa namwonea mzee. Mwanawe alisikiliza akiwa bado chini, mikono yake juu ya magoti ya baba yake.

"Muulize tena," akaniambia.

Nilimtazama mzee. Alikuwa ameshafumba macho, midomo inacheza kidogo, kama alivyokuwa anafanya asubuhi mbele ya taa ya mafuta. Nikamwambia mwanawe sitamuuliza tena, nikavuta kiti, nikakaa.